Chekeche na Mizani: Kujua Kilichomo Katika Lundo la Mawe Yaliyosagwa

Mhadhara uliotolewa Mwanza mbele ya mafundi ujenzi, wachimbaji wadogo na wanafunzi wa ufundi

  

 Mji wetu umekaa juu ya mawe na umejengwa kwa mawe. Ukitoka ukumbini upande wowote hukosi kumwona mtu anayepasua jiwe. Ukivuka ziwa kwenda Geita, utakuta mawe yanasagwa mpaka yawe unga, kwa sababu nyingine kabisa. Mpasua kokoto na mchimba dhahabu hawakutani sana, lakini swali lao ni moja: baada ya kupasua na kusaga, tumepata nini? Nia yangu jioni hii ni kueleza namna ya kulijibu swali hilo kwa chekeche na mizani, na kwa nini jibu la macho halitoshi. Nina hoja tano. Hazilingani kwa urefu, na wenye haraka wavumilie hasa ile ya tatu, maana ndiko pesa nyingi zinakopotea.

Hoja ya kwanza: lundo halina saizi moja

Mteja husema anataka "kokoto za nusu" au "za robo tatu", akimaanisha inchi. Muuzaji anaelewa, dereva anaelewa, na lori linakuja. Lakini hakuna lori lililowahi kubeba kokoto za robo tatu tupu. Karasha hulibana jiwe mpaka lipasuke, na jiwe likipasuka hutoa vipande vya kila namna: vikubwa vichache, vya kati vingi, na vumbi lisilohesabika. Nyundo nayo ni hivyo hivyo. Kwa hiyo jina la saizi linakwambia kikomo cha juu tu. Halikwambii chini yake kuna nini.

Wastani nao hausaidii. Chukua malundo mawili yenye wastani wa milimita 12. La kwanza lina punje za milimita 10 hadi 14 tu. La pili ni mawe ya 25 yaliyochanganywa na vumbi. Kwa wastani yanalingana, lakini zege la kwanza na zege la pili hayatafanana hata kidogo.

Fanyeni jaribio hili nyumbani. Jazeni ndoo ya lita 20 kwa kokoto za ukubwa mmoja, kavu, mpaka ukingoni. Kisha mimineni maji kwa kikombe cha kipimo. Zitaingia lita 8 hivi, pengine zaidi, kabla maji hayajamwagika. Hiyo ndiyo nafasi iliyo wazi kati ya jiwe na jiwe, na kwenye zege lazima ijazwe. Ikijazwa na kokoto ndogo kisha mchanga, gharama ni nafuu. Ikiachwa kwa saruji, mwenye nyumba analipa.

Wamarekani wawili, William Fuller na Sanford Thompson, walilishughulikia jambo hili na kuchapisha matokeo yao mwaka 1907. Kanuni yao ni nyepesi: asilimia inayopita kila tundu ifuate kipeuo cha pili cha ukubwa wa tundu hilo ukilinganishwa na punje kubwa kuliko zote. Punje kubwa ikiwa milimita 20, basi kwenye tundu la milimita 5, ambalo ni robo yake, nusu ya mzigo wote inapaswa kupita, mchanga ukihesabiwa humo. Waliokuja baadaye waliona kwamba zege lililofuata mstari huo kwa ukali huwa gumu kulifanyia kazi, wakaongeza chembe laini. Hata hivyo wazo lenyewe limebaki: punje ndogo ikae katika nafasi iliyoachwa na kubwa.

Sasa msidhani mchanganyiko ndio mzuri kila mahali. Kokoto za reli hutakiwa ziwe kubwa zote. Viwango vya Ulaya hutaja kati ya milimita 31.5 na 50, au 31.5 na 63. Pale nafasi iliyo wazi inatafutwa kwa makusudi, ili maji ya mvua yapite na tuta lisilegee. Tabaka la msingi wa barabara linataka kinyume chake, lishindiliwe mpaka lisibakize mwanya. Jiwe linaweza kuwa lile lile, kutoka mlima ule ule. Ndiyo maana mimi humshangaa mtu anayeniuliza kama kokoto fulani ni nzuri bila kuniambia anataka kuzifanyia nini.

Hoja ya pili: matundu yana ngazi

Machekeche ya maabara hupangwa moja juu ya jingine, lenye matundu makubwa juu, lenye madogo chini, na sahani isiyo na tundu mwishoni. Ukubwa wa matundu haukuokotwa tu. Mwaka 1867 Peter von Rittinger wa Austria, mtaalamu wa uchenjuaji wa madini, alipendekeza kila tundu lizidi la chini yake kwa kipeuo cha pili cha 2, yaani mara 1.414, ili eneo la tundu liwe maradufu kila ukipanda ngazi moja. Mwaka 1910 kampuni ya W. S. Tyler ya Cleveland, Marekani, ikatoa seti iliyofuata utaratibu huo, ikianzia kwenye wavu wenye nyuzi 200 kwa inchi na tundu la mikroni 74. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita. Leo tunasema 75, na ngazi nyingine ni 150, 300, 600, kisha milimita 1.18, 2.36 na 4.75. Mnaona kila moja ni karibu maradufu ya iliyotangulia. Ngazi za katikati zimerukwa kwa kuwa kazi ya kawaida haizihitaji.

Hapa nina neno kwa wanaonunua wavu madukani. Msikubali namba ya nyuzi peke yake. Nyavu mbili zinaweza kuwa na nyuzi sawa kwa inchi na matundu tofauti, kwa sababu moja imefumwa kwa waya mnene na nyingine kwa waya mwembamba. Ulizeni tundu lina milimita ngapi. Muuzaji asipojua, pimeni matundu kumi kwa rula, mkihesabu na waya zake, gaweni kwa kumi, kisha toeni unene wa waya.

Hoja ya tatu: sampuli ikiwa mbaya, mashine nzuri haitakuokoa

Mwishoni mwa miaka ya 1940, kijana wa Kifaransa aitwaye Pierre Gy alikuwa akifanya kazi kwenye mgodi mdogo wa risasi huko M'Fouati, katika nchi ambayo leo ni Kongo-Brazzaville. Aliagizwa akadirie kiasi cha madini katika rundo kubwa la mawe lililokuwa limekaa miaka kadhaa, lenye mabonge makubwa kwa upande mmoja na vumbi kwa upande mwingine. Achukue kiasi gani? Achukue wapi? Hakupata kitabu chenye jibu, na swali hilo likawa kazi ya maisha yake. Nadharia ya sampuli ambayo migodi ya dunia nzima inaitegemea leo ilianzia pale, katika lundo la mawe la Afrika ya Kati. Nawaambia hili wanafunzi kwa sababu mara nyingi tunadhani elimu ya namna hii huzaliwa maabara za ng'ambo.

Moja ya mambo aliyoyaonyesha Gy ni kwamba uzito wa sampuli unaohitajika hukua kwa mchemraba wa ukubwa wa punje. Punje zikiwa kubwa mara mbili, unahitaji sampuli nzito mara nane ili ubaki na uhakika ule ule. Viwango vya ujenzi havifuati hesabu hiyo kwa ukamilifu, kwani hakuna ambaye angebeba mzigo huo, lakini mwelekeo ni ule ule. Kiwango cha Marekani kinachotumika sana kinataka angalau gramu 300 za mchanga, kilo 5 za kokoto za milimita 19, na kilo 15 za kokoto za milimita 37.5. Anayeleta maabara mfuko mdogo wa nailoni wenye kokoto za inchi moja na nusu anaipotezea maabara muda.

Kiasi ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni mahali. Lori linapomwaga mzigo, mawe makubwa huporomoka mpaka chini ya lundo na vumbi hubaki kileleni na katikati. Ukichota pembeni chini utaapa kwamba mzigo ni mkubwa. Mwenzako akichota juu ataapa kwamba ni vumbi. Wote wawili mnasema kweli kuhusu koleo lenu, na wote wawili mmekosea kuhusu lori. Choteni chini, katikati na juu, pande zote za lundo, mkiondoa kwanza tabaka la nje. Ni bora zaidi kuchota wakati mzigo unashuka kutoka kwenye mkanda wa karasha, mkikinga upana wote wa mkanda, kuliko kuhangaika na lundo lililokwisha kukaa.

Baada ya hapo mna mzigo mwingi kuliko unaohitajika, na hapa ndipo mkono hudanganya. Mtu huchota juu juu mpaka mizani ifike kilo 5, basi. Sivyo. Mwageni mzigo wote juu ya turubai safi, mfanye kichuguu, mkigeuza kwa koleo mara tatu. Kishindilieni kiwe bapa. Kigaweni kwa msalaba mpate robo nne. Tupeni robo mbili zinazotazamana, pamoja na vumbi lake lote. Chukueni brashi mfagie mpaka turubai lionekane. Changanyeni zilizobaki na kurudia mpaka mfike uzito mnaoutaka. Usifukuzie kilo 5 kamili. Ikija kilo 5 na gramu 320, pima hiyo hiyo. Anayepunguza gramu 320 kwa mkono huchagua mawe bila kujijua, na mara nyingi huchagua makubwa kwa kuwa ndiyo yanayoshikika.

(Bwana mmoja pale nyuma ameuliza kama ni lazima kufagia vumbi. Ni lazima. Vumbi ndilo unalolitafuta.)

Hoja ya nne: kupima ni kazi ya subira, kusoma ni kazi ya akili

Sampuli ikaushwe kwenye tanuri la nyuzi 105 hadi 110 za sentigredi mpaka uzito usishuke tena. Asiye na tanuri atumie sufuria pana juu ya moto mdogo, akigeuza, na apime mara kwa mara mpaka namba isimame. Pimeni. Kisha osheni kupitia tundu la mikroni 75 mpaka maji yatoke safi, kausheni, pimeni tena. Kilichopungua ni vumbi na udongo. Wengi huiruka hatua hii, na mimi naiona kuwa ndiyo inayofichua zaidi. Kokoto zinaweza kuonekana safi zikiwa kavu, kumbe zimevaa koti la udongo ambalo saruji haitalipenya.

Halafu machekeche. Msiyajaze, chekeche la upana wa milimita 200 lenye matundu madogo halistahili kubeba zaidi ya gramu 200, la sivyo punje za juu hazifiki kwenye wavu. Tikiseni huku mkizungusha na kugonga. Kwa muda gani? Kanuni inayotumika sana ni kwamba ukiendelea dakika moja nzima na kinachopita hakifiki asilimia 1 ya kilichobaki juu ya wavu, umemaliza. Punje iliyokwama isisukumwe kwa kidole. Geuza chekeche, ulipige brashi kwa chini, na punje ihesabiwe kuwa imebaki.

Nitoe mfano wa mezani. Tuseme sampuli ina gramu 5,000. Juu ya milimita 20 zimebaki gramu 350. Juu ya 14, gramu 1,900. Juu ya 10, gramu 1,450. Juu ya 5, gramu 1,150. Kwenye sahani, 140. Jumlisheni. Naona simu zimetoka, vizuri. Mmepata 4,990. Gramu 10 zimepotea, yaani asilimia 0.2. Kiwango cha Marekani nilichokitaja huruhusu 0.3, kwa hiyo kazi hii inapokelewa. Ingekuwa gramu 60 zimepotea, au zimeongezeka, mngerudia tangu mwanzo bila ubishi.

Sasa geuzeni kuwa asilimia iliyopita. Tundu la 20 limepitisha 93. La 14, asilimia 55. La 10, asilimia 26. La 5, asilimia 3. Kiwango cha zamani cha Uingereza, BS 882, ambacho kilitumika sana katika nchi zetu, kwa kokoto za milimita 20 hadi 5 kilitaka 90 hadi 100 kwenye tundu la 20. 40 hadi 80 kwenye 14. 30 hadi 60 kwenye 10. Na 0 hadi 10 kwenye 5. Mzigo wetu umefaulu ngazi tatu na kuanguka moja: kwenye 10 umekosa asilimia 4. Hakuna jicho linaloweza kuona hilo. Na dawa yake si kuukataa mzigo. Ni kuchanganya kiasi kidogo cha kokoto za nusu inchi na kupima upya.

Chora namba hizo kwenye grafu, ukubwa kwa skeli ya logi chini, asilimia iliyopita pembeni. Mstari ukipanda wima, una punje za ukubwa mmoja. Ukipanda taratibu, una mchanganyiko. Ukilala katikati kisha ukapanda tena, kuna saizi iliyokosekana, na mara nyingi chanzo chake ni wavu wa karasha uliotoboka au ulioziba.

Lazima pia niseme chekeche lisichokiona. Halipimi urefu. Jiwe jembamba la urefu wa milimita 40 na upana wa 15 litapita tundu la 20 likisimama wima, na kwenye karatasi litaandikwa kama jiwe dogo. Mawe bapa hupimwa kwa vipimo vyake maalumu, na mwenye zege la kumwaga kati ya nondo asilisahau jambo hilo. Chini ya mikroni 75 wavu wa kawaida unaishia; pale hutumika kasi ya chembe kuzama majini, kwa kanuni aliyoieleza George Stokes mwaka 1851. Na chini zaidi, chini ya mikroni 10, lipo vumbi linaloelea hewani na kuingia mapafuni. Mawe ya Mwanza ni matale yenye kwazi nyingi, na vumbi lake huua polepole. Akina mama wa kokoto, lowesheni mawe kabla ya kupasua na mjifunge kitambaa kizito. Barakoa maalumu ya vumbi ni bora zaidi.

Hoja ya tano: kwa mchimbaji, saizi ni dhahabu na ni umeme

Niwageukie ndugu zangu wa Geita mliovumilia kusikia habari za zege. Mawe yenu husagwa kwenye makarasha, yale mapipa yanayozunguka na mipira ya chuma ndani, kisha unga huoshwa kwenye mwalo juu ya makatani. Kinachobaki mnakiita marudio, na mwenye matangi ya sayanaidi anayanunua. Swali mnalolijibu kwa kusugua unga kati ya vidole ni kama umelainika. Vidole hutambua ukali wa mchanga, lakini havikwambii ni asilimia ngapi imebaki juu ya mikroni 150.

Unga ukiwa mkubwa, dhahabu imefungwa ndani ya punje na hakuna makatani wala zebaki itakayoifikia. Ukilainika kupita kiasi, dhahabu yenyewe inakuwa nyepesi mno, inaondoka na maji. Na mwenye matangi naye analia, kwa kuwa tope laini huziba na maji ya sayanaidi hayapenyi. Kuna kati kwa kati, na kila mwamba una yake.

Namna ya kuipata ni hii. Chekecha marudio, kisha peleka kila fungu maabara lipimwe dhahabu peke yake. Tuseme katika tani 100 za marudio, robo imebaki juu ya mikroni 150 na ina gramu 4 kwa tani, na robo tatu iliyopita ina gramu 1 kwa tani. Tani 25 zina gramu 100. Tani 75 zina gramu 75. Zaidi ya nusu ya dhahabu uliyoiacha imekaa katika robo ya mzigo. Basi usisage upya tani 100. Tenga zile 25 uzirudishe karashani.

Kusaga ni gharama, na gharama hiyo hukokotoleka. Fred Bond wa kampuni ya Allis-Chalmers alitoa mwaka 1952 kanuni ambayo migodi bado inaitumia: nishati hutegemea ugumu wa mwamba, na tundu ambalo asilimia 80 ya mzigo hupita, kabla na baada ya kusaga. Kwa mwamba wenye kipimo cha ugumu cha 15, kutoka milimita 10 hadi mikroni 150 unahitaji kama uniti 10.7 za umeme kwa tani. Ukitaka kufika 75, ni 15.8. Umeongeza karibu nusu ya bili. Huenda dhahabu ya ziada inailipa, huenda hailipi. Lakini asiye na chekeche hana hata namba ya kuanzia hesabu.

Ndugu Mwenyekiti, namaliza kwa kutazama mbele. Migodi mikubwa sasa huweka kamera juu ya mkanda ili kukadiria ukubwa wa mawe yakiwa yanapita, na maabara nyingine hupima unga kwa mwanga wa leza. Vifaa hivyo vitatufikia. Vikifika, mjue kwamba leza na chekeche hazitoi namba moja kwa chembe zisizo duara, na kwamba kamera huona uso wa mkanda tu, haioni kilichofunikwa. Vyote hurudi kwenye chekeche kusahihishwa.

Kabla havijafika, nina maombi matatu. Vyuo vya ufundi viwe na seti kamili ya machekeche, na mwanafunzi asihitimu kabla hajagawa lundo kwa mikono yake. Vikundi vya wachimbaji vinunue kwa pamoja machekeche matatu, la mikroni 300, 150 na 75, na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja, vinatosha kuanza. Na wewe unayejenga nyumba: utakapoagiza kokoto, mwombe mwenye karasha karatasi ya kipimo cha mzigo huo, yenye tarehe. Akisema hana, mwambie utasubiri.